Kanzu ya Seminari Kwenye Arusi ya Watu

Wenzangu, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Nimeadhirika mbele ya wazee wa Kasongo, mbele ya Padri Direkteri wa shule na mbele ya Baba yangu mzazi, wote kwa mpigo mmoja, nikiwa nimekaa mkekani huku mate yakinijaa mdomoni kwa ajili ya wali wa watu. Nawaandikia sasa hivi kabla lori ya pamba haijaondoka kuja huko Kabambare, maana najua habari itawafikia tu, na atakayeileta ataitia chumvi. Afadhali chumvi niitie mwenyewe.

Mambo yangu mnayajua. Ninyi mlipomaliza shule mlichagua mapema mkapumzika. Leoni anakwenda kusomea umoniteri, afundishe shule. Paulini ameshapata ukarani kwenye kampuni ya pamba, na nasikia anatembea na kalamu sikioni hata anapokwenda kuoga mtoni. Mimi je? Mimi nilichaguliwa. Padri Direkteri aliniita ofisini akasema, "Donati, mimi nakuona seminari." Nikajibu, "Ndiyo, Padri." (Ningejibu nini? Nionyesheni mtu wa kwetu aliyemwambia Padri hapana uso kwa uso, nami nitamchinjia jogoo.) Akamwita na Baba kutoka kijijini, akamwambia neno lilelile. Baba naye akasema, "Ndiyo, Padri." Basi, shauri likaisha. Niliingia ofisini mwanafunzi, nikatoka nusu ya padri.

Tangu siku ile kijijini Baba anaitwa Baba Padri. Akipita, watu wanamwachia kiti. Kapita wa pamba, yule msimamizi anayefokea kila mtu, sasa anamsalimu Baba wa kwanza. Mtu mwenye heshima namna hiyo utamwendea useme nini?

Lakini ninyi wawili siri yangu mnaijua. Mimi nataka shule ya anfirmie, niwe muuguzi. Tangu nilipoanza kumsaidia Masoeri, yule mtawa wa pale zahanati, kila Jumamosi, kuosha vidonda na kufunga bandeji, nimejua kazi ninayoipenda. Yule mama aliyeletwa amebebwa mgongoni na kaka yake kwa sababu ya kidonda cha mguu, juzi nilimwona sokoni akitembea mwenyewe na kapu la karanga kichwani. Akaniita kwa jina. Nilifurahi siku nzima kama mimi ndiye niliyepona. Halafu kuna jambo la pili. Anfirmie anaoa. Moniteri anaoa, karani anaoa, hata askari anaoa, tena wawili akipata nafasi. Padri haoi. Nami kwa Baba ni mtoto wa kiume peke yangu. (Sitaji jina la msichana yeyote. Leoni, nyamaza.)

Kwa hiyo kila asubuhi niliamka nikisema, leo namwambia Padri. Kila asubuhi Padri alinipita uwanjani akasema, "Donati, uko tayari?" nami mdomo wangu huu ukajibu, "Ndiyo, Padri." Gari la kutupeleka seminari linakuja Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Usingizi ulikuwa umenihama.

Sasa sikilizeni ya leo.

Kila anayekwenda seminari anatakiwa awe na kanzu nyeupe, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama wanayovaa mapadri wetu. Na Kasongo hii, nani anajua kushona kanzu nyeupe kuliko mafundi Waislamu wa mjini? Hata mapadri wenyewe hushonesha kwa Mzee Salumu. Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akija kwa mbali amevaa nyeupe, hujui anatoka misa au anatoka msikitini mpaka afike karibu. Sisi tumezoea. Lakini shida ya leo imeanzia hapo hapo.

Nilifika kwa Mzee Salumu kabla ya adhuhuri. Kanzu ilikuwa tayari. Akaniangalia kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akaangalia kaputula yangu ya kaki.

"Vua hiyo, mutoto. Na shati pia. Mifuko yako imejaa kama ya mutu ya magendo. Kanzu haitaanguka muzuri."

Nikaingia chumba cha nyuma nikavua. Nikavaa kanzu. Rozari kubwa aliyonipa Padri nikabaki nayo mkononi, kwa kuwa kanzu ile haina mfuko. Mzee Salumu akazunguka, akavuta hapa, akapapasa pale, akasema "Eee!" ya fundi aliyeridhika na kazi yake. Kwake hakuna kioo. Nikamwambia navuka barabara kidogo nijitazame kwenye dirisha la duka la mzungu.

Nikavuka. Nikajitazama. Wenzangu, nilipendeza! Na nilivyopendeza ndivyo nilivyozidi kuhuzunika. Nikageuka upande huu, nikageuka upande ule, nikajaribu na uso wa padri anayesikiliza maungamo. Nikakaa pale muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu. Azana ikalia, mimi bado najitazama.

Niliporudi, mlango wa Mzee Salumu ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Mzee wa watu alikwenda kuswali. Alifikiri nimekwisha kwenda zangu. Na shati langu liko ndani, na kaputula yangu iko ndani. Chini ya kanzu ile nimebaki na kitu ambacho sitakitaja katika barua. Nikasema basi, nitakaa barazani mpaka arudi, swala haichukui siku nzima. Nikakaa. Watu wakatoka msikitini, yeye bado, nikaanza kuzungusha punje za rozari vidoleni, si kwa kusali, ni kwa wasiwasi tu. Msalaba wake ulikuwa umefichika ndani ya kiganja.

Akatokea mzee mmoja, mrefu, mwenye kofia ya kufuma na bakora. Sikumjua, naye hakunijua. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ni Mzee Hamisi wa Nyangwe, baba mdogo wa kijana aliyekuwa anaoa leo. Akasimama mbele yangu.

"Salamu aleikum, mutoto wangu."

"Aleikum salamu, Baba." (Hilo si kosa! Kasongo nani asiyejibu hivyo? Hata Padri Direkteri anajibu hivyo akienda kununua mchele.)

"Weye iko hapa peke yako, na watu wote wametoka kwenye musikiti, wanakwenda kula?"

"Nimefungiwa nguo yangu ndani, Baba."

"Pole. Weye ni mutu ya kusoma?"

"Ndiyo, Baba. Nimemaliza mwaka huu."

"Mashallah! Na walimu wako wanasema nini juu yako?"

"Wanataka niendelee, Baba. Nikafundishe watu dini."

Angalieni basi! Kila nililosema lilikuwa kweli tupu. Mzee akaangalia kanzu, akaangalia punje mkononi mwangu, akafurahi mpaka akaegemea bakora.

"Mungu amekuleta. Mwalimu yetu ameshikwa na homa, amerudi Nyangwe na mutumbwi. Arusi iko hapa nyuma, nikahi imekwisha kufungwa asubuhi, sasa ni chakula. Twende, utakula na sisi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: Baba, mimi ni wa misioni. Maneno machache, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaweza. Nikayapanga vizuri kichwani. Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema, "Ndiyo, Baba."

(Sitawaficha. Upepo pia ulikuwa umegeuka ukaleta harufu. Mbuzi, vitunguu, mdalasini. Na bwenini tangu Jumapili ni ugali wa bukari na majani ya sombe, sombe na bukari.)

Uani kwa watu wa arusi kulijaa. Wazee mkekani, vijana kwenye benchi, akina mama nyuma ya pazia wanapiga vigelegele. Mzee Hamisi akanishika mkono kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, akanipitisha katikati ya watu wote. "Mupishe! Mupishe mwalimu!" Nikasikia neno "mwalimu," nikajua nimekwisha. Nikataka kurudi, lakini nyuma kulikuwa kumeshazibwa na wageni. Nikakalishwa mahali pa heshima kabisa, karibu na bwana arusi. Bwana arusi mwenyewe akanisogezea mto niegemee. Nikaomba ardhi inimeze, ila ningependa inimeze nikishakula.

Sinia zikaja. Wenzangu, pilau ile! Mchele mwekundu kwa viungo, nyama ya mbuzi juu yake, mvuke unapanda. Yangu ikawekwa mbele yangu kabisa. Nikanawa mikono, rozari nimeizungusha kifundoni, msalaba umefichika ndani ya mkono wa kanzu. Nikasema moyoni, nitakula tonge tatu, nitaaga, nitakwenda kumngoja Mzee Salumu, na hakuna atakayejua.

Mzee Hamisi akainua bakora, uani kukanyamaza.

"Mwalimu kijana, tuombee dua, tule."

Mikono yote ikainuka. Mikono ya wazee, ya vijana, ya bwana arusi. Nami nikainua yangu. Ningefanyaje? Nikafikiri: nitanong'ona kidogo, midomo icheze, halafu nimalizie na amina kwa sauti. Amina ni ya wote. Shauri zuri, sivyo? Nikainamisha kichwa. Nikafumba macho. Nikanong'ona, nikanong'ona. Nikasema kwa sauti, "Amina!"

"Amina!" wakaitika wote.

Ikapita. Nikashukuru Mungu. Na katika kushukuru kwangu, mkono wangu wa kulia, mkono huu uliolelewa na mapadri tangu nikiwa mdogo, mkono usiojua kugusa chakula bila ruhusa, ukapanda wenyewe. Ukagusa paji la uso. Ukashuka kifuani. Ukaenda bega la kushoto. Ukaja bega la kulia. Na msalaba wa rozari ukachomoka, ukining'inia hapo hapo, unayumba mbele ya macho ya kila mtu.

Mikono yote ikasimama hewani juu ya sinia. Hata nyuma ya pazia, vigelegele vikakatika.

Bwana arusi akanisogelea, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kuna nini?"

Nikamwambia, "Mbu."

(Ndiyo. Nilisema mbu. Mchana wa jua kali.)

Mzee mmoja wa upande wa pili akatikisa kichwa polepole. "Mbu ya namna gani anauma hapa, na hapa, na hapa, na hapa? Huyo mbu amebatizwa."

Mara nikasikia sauti mlangoni. "Donati!"

Nikageuza shingo. Mlangoni amesimama Baba. Baba yangu, na koti lake la Pasaka, ambaye nilidhani yuko kijijini, huko Kabambare! Amekuja na lori aone mtoto wake katika kanzu kwa mara ya kwanza. Kushoto kwake Padri Direkteri. Kulia kwake Mzee Salumu, ameshika kaputula yangu. Walikuwa wamenitafuta pale kwa fundi, majirani wakawaambia kijana wa nyeupe ameingia arusini na Mzee Hamisi. Na walikuwa wameona yote, tangu mikono ilipoinuka.

Baba alikuwa amegeuka rangi. "Donati, weye umesilimu?"

"Sijasilimu, Baba."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Nilitafuta jibu la mtu aliyesoma. "Nilikuwa na njaa, Baba."

Uani pote pakaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wengine wakalala mkekani. Mzee Hamisi alicheka akilia, akifuta machozi na pembe ya kanzu yake, huku akisema, "Lakini salamu alijibu muzuri! Walahi alijibu muzuri!" Nyuma ya pazia bibi mmoja akapaza sauti, "Mumupe chakula, maskini! Njaa haina dini!" Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitamani kufa, kwa kweli nilitamani kufa, nami sijui kama kuna mtakatifu anayesimamia aibu ya namna hii.

Mtu mmoja tu hakucheka. Padri Direkteri. Alinitazama na ndevu zake, akakaribia mkeka.

"Donati, kwa nini hukumwambia mzee huyu ukweli?"

"Aliniita, Padri. Mzee akikuita, unasemaje hapana?"

Akavuta ndevu. Nikaona kuna jambo linapita machoni mwake.

"Na mimi nilipokuita ofisini?"

Jamani! Pilau mbele yangu, rozari mkononi, Baba mlangoni, bwana arusi pembeni. Kasongo nzima inangoja neno langu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuaibika mpaka mwisho wa aibu, hakuna nyingine iliyobaki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Ilikuwa vilevile, Padri," nikasema. Halafu yakatoka yote, bila mpango, kama mtu anayemwaga gunia. Kwamba nataka shule ya anfirmie. Kwamba napenda kazi ya vidonda. Kwamba nilitaka kusema kila siku nikashindwa. Kwamba Jumatatu naiogopa kama kifo. Niliongea nikiangalia wali, sikuthubutu kuinua uso. Hasa upande wa Baba.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikasikia viatu vya Baba vinakuja. Vikasimama ukingoni mwa mkeka. Baba akavivua, akakaa chini karibu yangu, kwa uzito, kama mtu aliyechoka na safari ndefu.

"Anfirmie wanaoa?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Wanazaa?"

"Ndiyo, Baba."

Baba akashusha pumzi ndefu sana. "Mama yako analia kila siku," akasema. "Anasema nimetoa mutoto wetu mumoja, jina ya baba yangu itakufa. Na mimi nilimwambia nyamaza. Lakini hata mimi nilikuwa silali."

Padri akashangaa. "Baba Donati! Lakini wewe mwenyewe ulikubali! Nilikuuliza, ukasema ndiyo!"

Baba akamwangalia kwa heshima yote. "Padri, weye ulikuwa nyuma ya meza. Meza kubwa vile, na kitabu juu yake. Mutu atasema hapana namna gani mbele ya meza kama ile?"

Wazee wote wakaitika, "Kweli! Kweli kabisa!" Mzee Salumu akaongeza kwamba hata yeye, kanzu tatu za mapadri alizishona kwa bei ya mbili, kwa sababu ya meza ileile.

Na hapo ndipo Padri Direkteri alipocheka. Alianza kidogo, ndevu zikatikisika, halafu akacheka sana mpaka bwana arusi akamletea kiti. "Niliita watu wawili ofisini," akasema, "na sikupata hata mmoja." Kisha akawa mpole, akaniambia nisikilize. Seminari haitaki mtu aliyeshindwa kukataa. Jumatatu gari litaondoka bila mimi, na yeye mwenyewe atazungumza na daktari juu ya shule ya anfirmie. "Ila huko," akasema, "mgonjwa akikwambia amepona na bado anaumwa, usimwambie ndiyo."

Wenzangu, nilipata nafuu ambayo sijui kuieleza. Mabega yalishuka. Nililia kidogo, na sikuona haya, maana Baba alikuwa akilia pia, anasingizia moshi wa jikoni. (Jikoni kulikuwa upande wa pili kabisa wa nyumba.) Mama atalala usingizi habari ikimfikia. Hilo nalifikiria kuliko lolote.

Mwenye arusi akasema hakuna mgeni atakayesimama wakati wa chakula. Padri akala kwenye kiti chake, Baba akala sinia moja nami. Mzee Hamisi akaomba dua mwenyewe safari hii, akamaliza, akaniambia, "Sasa na weye fanya yako, tule. Mbu wasikuumize." Nikafanya yangu mbele ya watu wote. Nikala, si tonge tatu. Sitawaambia ngapi. Bwana arusi alinipa na paja.

Tulipoaga, Mzee Hamisi akanishika mkono mlangoni. Akasema Jumapili wanampeleka bibi arusi Nyangwe, na huko karamu ya leo itaonekana kama chai ya asubuhi. Samaki wakubwa wa Lualaba, wa kukaanga na wa mchuzi, mchele mpya, mbuzi wawili. "Utakuja, mwalimu yangu?"

Baba akaniangalia. Padri akaniangalia. Nikaona wote wawili wanangoja kusikia mdomo huu utasema nini, kama nimejifunza au bado. Nikakusanya nguvu zote nilizopewa na Mungu. Nikasimama wima. Nikasema, "Hapana, Baba. Asante."

Padri akanipigapiga begani. Baba akasema, "Sasa umekuwa mwanaume." Nikatembea nao mpaka misioni kichwa juu.

Basi nawaombeni, msinicheke. Maisha yangu yote nimengoja kusema hapana yangu ya kwanza, na nimeitumia kukataa samaki.